Mafaili Mia Mbili na Tisa Yasiyo Yetu

Kikundi cha Wauza Mazao,
Dumila, Kilosa.

Kwa Ndugu Wasimamizi wa Tovuti ya Kuchunguza Leseni za Programu Huria,

Poleni na kazi. Mimi ni katibu wa kikundi hiki kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na mwalimu mstaafu. Sijawahi kumlalamikia mtu kwa maandishi isipokuwa mara nne, na mara zote nilikuwa na haki.

Ashrafu, kijana mwenye shahada ya kompyuta na kibanda cha kuchapa hapa stendi, alitutengenezea programu ya kuwatumia wakulima wa Berega bei ya mahindi kwa simu kabla hawajateremsha magunia. Shirika moja likakubali kuisambaza kata zote, mradi tuthibitishe kwamba kila kipande chake tunacho kwa ruhusa. Ndipo tukaelekezwa kwenu. Siku ya uzinduzi, mbele ya wanachama sitini, mafaili yakaanza kupakiwa na projekta ikionyesha kila kitu ukutani. Yaliyotokea ni haya:

1. Mlisema mnataka leseni. Nikaitungua ukutani leseni ya biashara ya kikundi, nikamwamuru Ashrafu aipige picha aipakie pamoja na mengine. Mkajibu: "Leseni haijatambuliwa." Ina muhuri. Ninyi mna muhuri gani?

2. Upakiaji ulikwama asilimia sitini, kifurushi cha intaneti kilipokwisha. Nilikimbilia dukani mwenyewe kununua kingine. Yaani fedheha yangu nimeifuata kwa miguu yangu.

3. Nilikuwa nimekwisha kuhutubia kwamba programu hii "imezaliwa, imelelewa na imekomaa Dumila". Sijakaa vizuri kitini, ripoti ikatoka: mafaili mia mbili na kumi na mawili, na kati ya hayo mia mbili na tisa ni kazi ya watu wengine, walioitoa bure kwa sharti kwamba majina yao yasifutwe. Wakajipanga ukutani, mmoja wa Ufini, wengine wenye majina kama namba za pikipiki. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushuka stendi ya Dumila. Bi Monica wa Berega, mjane anayetuletea mahindi, aliuliza taratibu kama watu hao watakula nasi, maana sufuria ya pilau ni moja.

4. Matatu yaliyobaki, mawili ni ya Ashrafu na moja ni langu: salamu za ufunguzi, kwa Kiswahili fasaha. Mkalitia alama nyekundu, eti mwandishi hajatoa ruhusa. Nami nilikuwa nimesimama palepale!

5. Nilimwita Ashrafu nje nikamsihi ayafute majina ya wageni, tubaki wenyewe kwa wenyewe. Akainamisha kichwa, akasema, "Mwalimu, nisamehe. Hao wametupa kazi yao bure. Tuwanyime hata jina?" Nilimfundisha darasa la nne mimi, na sikumfundisha kujibu hivyo. Nikarudi ndani, na majina yakabaki yote. Hilo pia nalihesabu juu yenu.

6. Mkiachiwa mtaishia wapi? Kesho mtalichunguza pilau la Bi Shamimu, mpishi wetu wa siku ile, ionekane viungo ni vya Morogoro na upishi ni wa marehemu bibi yake. Keshokutwa mahubiri ya Jumapili. Mwisho hatabaki mtu wilayani mwenye kitu chake mwenyewe.

Kwa bahati mbaya shirika lilifurahia ripoti. Walisema uwazi ule ndio waliokuwa wakiutafuta, na programu itakwenda kata zote. Hilo halipunguzi malalamiko yangu hata chembe.

Kwa hiyo naomba ripoti zenu ziache kutaja majina ya watu. Aliyetoa bure ametoa. Anatafuta nini tena ukutani kwetu?

Wasalimieni wafanyakazi wenzenu, na yule wa Ufini kama mnaonana naye. Sisi hatujambo, ila vitunguu vimeshuka bei.

Ni mimi niliyeumia lakini sijakosa adabu,
Mwl. Thadeo Lukas

Baada ya saini: Nimepigiwa simu sasa hivi. Kikundi cha Kimamba kinazindua Jumamosi programu ya bei za mazao "iliyobuniwa Kimamba". Salamu zake ni zangu neno kwa neno, na jina langu limefutwa. Ashrafu ana nakala yao. Tafadhali nielekezeni leo hii jinsi ya kuipakia kwenu. Jina liandikwe lote, na "Mwl." isisahauliwe.