Glavu za Kuchonga Theluji

Mwangangi alikata utepe wa furushi la mitumba kwa kisu cha jikoni, akaingiza mkono akitarajia majaketi ya ngozi, akatoa glavu. Akaingiza tena, akatoa glavu nyingine. Mwishowe alilimwaga furushi lote sakafuni, na chumba chake pale mjini Machakos kikajaa glavu tupu: nene, ndefu kukaribia kiwiko, zenye viganja vya ngozi ngumu na mkanda wa kukazia kifundoni. Nyingi zilikuwa nyeupe na za kijivu, chache nyeusi ti. Nje jua lilikuwa linawaka na bati la nyumba linalia kwa joto.

Usimhurumie upesi. Furushi hilo lilikuja badala ya cherehani ya mkewe. Kalekye, fundi anayeheshimiwa na soko zima, alikuwa amekwenda Kithyoko kumwona mama yake, na alipogeuza mgongo tu, mume aliibeba cherehani hadi kwa Wacuka, muuzaji wa mitumba kwa jumla. Wacuka alikubali kuishika kama amana. Mwangangi angeleta pesa za furushi kabla ya Jumamosi jioni, la sivyo cherehani ingeuzwa. Na Jumamosi ndiyo siku Kalekye anarudi.

Mtu mwingine angekaa chini alie. Huyu alikaa chini akasoma, kwa sababu kwenye kila jozi kilining'inia kikaratasi chenye picha: Mzungu amesimama juu ya ubao, anateremka mlima mweupe, amelala upande mpaka mkono unafagia theluji. Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Mvua za El Nino zilikuwa zimeisha juzijuzi, na redio ilikuwa imetangaza kwamba Mkenya ameshindana kwenye theluji kule Japani. Mwangangi aliitazama picha ile, akaikumbuka redio, na tabasamu likaanza kumtambaa usoni taratibu. Wanaomjua wangeliona tabasamu hilo, wangefunga maduka.

Wa kwanza kuonjeshwa alikuwa Bwana Kimeu, mwenye duka la mbao na misumari, mtu aliyependa vyeo kuliko chakula. Alikuwa mwenyekiti wa kila kitu ambacho hakikuwa na mwenyekiti.

"Timu ya theluji ya Machakos?" Kimeu aliuliza. "Wewe Mwangangi, hiyo theluji iko wapi?"

"Bwana Kimeu, hapo kilima cha Kituluni maji yanapanda mlima, na hakuna mtu anauliza. Sasa binadamu kuteleza akishuka, ndiyo itakushinda kuamini?"

Kimeu alivuta kiti karibu.

"Sisi Wakamba tumechonga miti mpaka watalii wakakosa pa kuweka vinyago," Mwangangi aliendelea, akimwonyesha picha. "Sasa Wazungu wanataka tuchonge theluji. Unasimama kwa ubao, unalala upande hivi, ubao unakata kama kisu na mkono unaburuta chini. Kwa hivyo kila kitu ni glavu. Ile ya bei rahisi inaisha kiganja siku moja. Ile ya bei kali inakumaliza wewe. Hizi zangu ziko hapo katikati."

"Na hiyo timu iko na meneja?"

"Hapo ndipo nilikuwa nataka ushauri wako, kwa sababu meneja ndiye ananunua glavu zote, na ndiye anaenda Uswisi wa kwanza."

Kimeu aliahidi kulipa Ijumaa, akishauza shehena ya mabati. Jioni hiyohiyo alichukua ubao dukani kwake, akaupaka sabuni, akaenda nao Kituluni kujifunza. Walioshuhudia wanasema alipanda juu yake kwa heshima zote, akasema neno moja la kuwatia moyo vijana, kisha akateremka kwa makalio hadi kwenye shamba la mihogo la watu. Alirudi dukani akichechemea lakini amefurahi, akawaambia wateja kwamba mchezo wenyewe si mgumu kama unavyosemwa.

Basi hapo kazi ilikuwa imekwisha. Mwangangi angekaa kimya hadi Ijumaa, apokee pesa, aikomboe cherehani, na Kalekye asingejua lolote. Lakini Alhamisi saa nane mlango ulibishwa.

Alikuwa mama wa makamo, amevaa koti la kijani na miwani, ameshika mkoba mkubwa. Alisalimia kwa Kikamba, akakaa bila kukaribishwa.

"Naitwa Wavinya. Nimetumwa na Chama cha Theluji, Nairobi. Tumesikia kuna mwalimu wa theluji hapa."

Chama cha Theluji Mwangangi alikuwa amekitunga mwenyewe siku mbili nyuma, mbele ya kinyozi, ili kumnogeshea Kimeu hadithi. Sasa kilikuwa kimekaa kwenye kiti chake, kimevaa miwani, na kinaomba maji ya kunywa. Mtu akikutana na uongo wake mwenyewe umevaa viatu, afanyeje? Mwangangi aliuangalia vizuri, akaanza kuuamini.

"Ni mimi, mwaitu," alisema, yaani mama kwa Kikamba, maana mtu wa rika lile humwiti kwa jina.

"Tunatafuta kocha wa kwenda Uswisi. Mshahara ni wa huko. Lakini kwanza nikague glavu. Kocha anajulikana kwa glavu zake."

Alitoa mkobani sindano ya kushonea magunia, akaisukuma kwenye kiganja cha glavu kwa nguvu zote. Haikupenya. Akavuta mishono, akaipindua glavu, akaichungulia ndani ya kila kidole.

"Na ikiuma hapa juu, kwa kitambaa?"

"Theluji ya kule inauma kweli," Mwangangi alisema kwa ujuzi.

"Najua. Na ikiingia ndani ya mkono wa nguo?"

"Hapo ni balaa."

"Inatembea mpaka kwapani," alisema Wavinya, kwa sauti ya mtu aliyewahi kupatwa. Mwangangi aliitikia, ingawa ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia kwamba theluji hutembea.

"Lakini hizi zinafunika mkono wa shati, na mkanda unakaza," mama alijijibu mwenyewe. "Vizuri. Zikinatanata, zinaoshwa?"

"Theluji inanata?"

"Ya mwaka huu itanata sana. Mvua ilikuwa nyingi, maua yalikuwa mengi."

Mwangangi alitaka kuuliza maua yanahusianaje na Uswisi, akajikumbusha kwamba yeye ndiye mwalimu. Alisema tu kwamba ndivyo hata yeye alivyosoma. Wavinya akaanza kutenga glavu: nyeupe na za kijivu upande wa mkoba, nyeusi akazisukuma kando.

"Hizi sizitaki. Nyeusi huko inaleta shida."

"Kabisa," alisema kocha.

Makubaliano yalikuwa mepesi. Mama angechukua glavu zote zilizofaulu kwa ajili ya ukaguzi, na nyeusi pia azibebe ziandikwe kwamba zimeanguka. Jumamosi saa sita mchana gari la Chama lingemchukua kocha mbele ya posta, awe na nguo nzito.

"Na pesa?" aliuliza Mwangangi kwa unyonge.

Mama alivua miwani, akamtazama kwa masikitiko. "Kocha, wewe unaenda Uswisi, na unauliza pesa za mitumba?"

Mwangangi aliona aibu. Mwenyewe alimsaidia kubeba magunia hadi barabarani.

Ijumaa Kimeu alifika na bahasha iliyonona. Hapo, ndugu msomaji, mtu mwenye akili angeenda kukopa glavu hata kwa adui. Mwangangi alikunja mikono, akamwambia kwamba mambo yamepanda ngazi, kwamba sasa yeye ni kocha wa taifa, na nafasi ya meneja itajazwa kutoka Ulaya. Kimeu aliondoka ameumia kuliko alivyoumia Kituluni. Kuhusu cherehani, Mwangangi alishaamua: atamletea mkewe nyingine ya umeme, ya Uswisi kabisa.

Jumamosi saa sita alisimama mbele ya posta amevaa koti zito la marehemu babake, kofia ya sufu na soksi mbili kila mguu. Jasho lilimchuruzika mpaka kwenye viatu. Wapita njia walimwuliza kama anaumwa, naye akawajibu kwamba anazoea.

Gari lilikuja. Lilikuwa pikapu kuukuu, nyuma limejaa wanawake, ndoo na harufu ya moshi. Mbele alikaa Wavinya bila miwani, na kando yake alikaa Kalekye.

"Panda, kocha," alisema Kalekye.

Katikati ya ndoo, imefunikwa kwa leso, ilikaa cherehani.

Wakiwa njiani alielezwa, naye alisikiliza bila kupepesa. Katika maduka yote ya Machakos, alikuwa ameweka cherehani kwa Wacuka, mwanamke ambaye nguo zake zilizochanika hushonwa na Kalekye, kwa cherehani hiyohiyo. Siku ya pili tu Wacuka alikuwa ametuma ujumbe Kithyoko kuuliza kuna nini, na hakusahau habari za theluji. Wavinya, shangazi ya Kalekye ambaye Mwangangi hakuwahi kumwona kabla, ni kiongozi wa akina mama wa asali. Mizinga ilikuwa imejaa pomoni baada ya mvua, na mikono yao ilikuwa imechoka kuvimba. Wacuka alilipwa kwa asali, akafurahi, akairudisha cherehani.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipofika Kithyoko, chini ya mti mrefu wenye mzinga juu. Wanawake walivaa glavu zao nyeupe, wakasimama mbali na ndoo. Kalekye akampa mumewe bomba la moshi, wavu wa uso, na jozi moja ya glavu.

Zilikuwa nyeusi.

"Hizi tu ndizo zimebaki?"

"Hizo tu."

"Na shangazi alisema nyeusi inaleta shida. Shida gani?"

"Nyuki hawapendi kitu cheusi," alisema Kalekye. "Wanaanza na hicho."

Mwangangi alizivaa. Alikuwa na maneno ya kumshawishi chifu, kasisi na askari, lakini alipomtazama mkewe akaona kwamba yote ameshayasikia. Akapanda.

Alikaa juu kwa muda mfupi sana. Kisha sauti kubwa ya mabawa ikasikika, na kocha wa taifa akaonekana akiteremka shina la mti kwa kasi, amelala upande, mguu mmoja hewani, kiganja kikiburuta kwenye gome kutoka juu hadi chini, sawasawa na Mzungu wa kwenye picha. Alipogusa ardhi hakusimama. Alipita katikati ya wanawake, akapita pikapu, akaendelea kuelekea mto Tana na koti la babake likipepea nyuma.

Glavu moja ilibaki chini ya mti. Wavinya aliiokota, akaigeuza, akakagua kiganja na mishono yote polepole.

"Haijapata hata mkwaruzo," alisema, akaitia kwenye ndoo. "Akirudi tumwulize kama anaweza kupata furushi lingine."