Gari la Bibi Harusi Halisimami

Jumatatu, 4 Agosti

Kikao cha kamati ya harusi, nyumbani kwangu Ukonga. Siku tano zimebaki. Mwenyekiti ni jirani yangu Brightson, mtu wa kuvaa kaunda suti hata akienda kununua maandazi. Ajenda ya tatu: gari la bibi harusi. Sijamaliza kumeza soda, Brightson akajitolea gari lake. Jeusi, linang'aa, namba E za magari mapya. Wajumbe wakapiga makofi.

Nikasimama. Nikasema Monica ni binti yangu, na gari litakalompeleka kanisani ni langu.

Kila mjumbe akaanza kusoma maandishi ya chupa yake. Brightson akauliza kwa upole kama lile gari bado linatembea. Dharau! Nikamjibu lilitembea jana. Sikusema liliishia wapi.

Wageni walipoondoka, mke wangu Sesilia akaniambia Brightson amejitolea kwa moyo mweupe, nikubali tu yaishe. Siwezi. Gari hili nililinunua Monica akiwa darasa la kwanza. Nimempeleka nalo shule. Nimempeleka nalo hospitali alipovunjika mkono. Nimempeleka nalo stendi siku anaenda chuo, akalala kiti cha nyuma njia nzima. Leo siku yake kubwa niiachie gari la jirani? Nampenda mtoto wangu. Basi.

Jumanne, 5 Agosti

Buguruni, kwa fundi Nurdin. Ananitengenezea gari huu mwaka wa kumi na moja. Anasema mwenyewe kwamba wanawe wamesoma kwa gari langu.

Akafungua boneti. Akatazama muda mrefu. Akafunga taratibu, kwa heshima. Feni ya rejeta imeungua. Stata nayo imechoka: injini ikizimwa ikiwa ya moto, haiwaki tena mpaka ipoe kabisa. Nikamwambia harusi Jumamosi. Akasema feni ya gari la umri huu haipatikani dukani, ya mtumba labda wiki ijayo.

Nikamuuliza tufanyeje. Akajikuna kichwa.

"Mzee, hii gari ikitembea inajipoza yenyewe na upepo. Ikisimama tu, inachemsha. We nenda nayo, ila usisimame. Na usiizime."

Kutoka kwangu hadi kanisani hazifiki kilomita tatu. Nisimame njiani natafuta nini? Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya mapambo. Herufi za namba yangu zinaanza na A, na mjini hapa watu wanasoma herufi ya gari lako kabla hawajakusalimia. Halafu boneti ina mabaka. Dawa nimeipata: maua. Nimenunua ya plastiki, meupe na waridi, mafungu kumi na manne. Mimi na Margareta, mdogo wake Monica, tumeshinda mchana kutwa tunayafunga kwa waya. Mbele yote imefunikwa. Namba haionekani. Mabaka hayaonekani. Ukitazama unaona bustani yenye taa mbili.

Brightson alichungulia getini. Akauliza hewa ya kupoza injini itaingilia wapi. Wivu mtupu! Nikamwambia gari halina pua.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima, barabara nyeupe, hazina magari. Nimelijaribu gari hadi Gongo la Mboto na kurudi bila kusimama. Mshale wa joto haukupanda hata kidogo. Maua niliyafungua nikayaacha nyumbani yasishike vumbi.

Jioni, kikao cha mwisho. Brightson akatangaza zawadi ya kamati: matarumbeta! Watapanda kirikuu yao, kile kigari cha kubebea mizigo, watamtangulia bibi harusi kutoka nyumbani hadi kanisani. Kila kona watasimama, watapiga, watu watacheza. Sesilia akalia kwa furaha. Mashangazi wakaanza mazoezi palepale sebuleni.

Nikashauri matarumbeta watangulie kabisa, wakatusubiri kanisani wakiwa wamekaa. Wajumbe wakacheka sana, wakadhani natania. Nikatoka kwenda kuongeza maji kwenye rejeta.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kwa utulivu.

Asubuhi nilirudishia maua yote, saa saba mchana tukaondoka. Monica nyuma kwangu, mzuri mpaka nikashindwa kumtazama kwenye kioo. Pembeni yake Demetria, mpambe wake. Mbele yetu kirikuu ya matarumbeta. Katikati mashangazi, kwa miguu. Mwendo wa mashangazi.

Kituo cha kwanza, mbele ya duka la Matar. Tarumbeta zikalia, mashangazi wakainama kucheza. Mshale ukaanza kupanda. Nikapiga honi. Wakadhani nanogesha, wakainama zaidi. Mshale ukafika kwenye wekundu. Nikakata kona, nikawapita wote, matarumbeta wakiwemo, nikazunguka mtaa mzima nipate upepo. Nikarudi nyuma yao. Bado walikuwa kwa Matar. Nikawapita tena. Watu wakashangilia. Mzunguko wa tatu wateja wote wa Matar walikuwa nje na simu, wanapiga video.

Monica akauliza kama tumepotea. Nikamwambia ni mtindo mpya. Demetria akaomba kushuka. Nikamwambia avumilie.

Nikaona heri kwenda zangu. Tukafika kanisani peke yetu, bila muziki, bila shangazi hata mmoja. Ndugu wa bwana harusi walikuwa bado wanapanga viti vya nje. Sasa tabu: nikisimama, linachemsha. Nikizima, haliwaki tena, na baada ya misa nani atampeleka mwanangu ukumbini? Brightson! Nikapunguza mwendo kabisa. Wakashuka gari likisogea. Demetria kwanza, kisha Monica na gauni lake, wale ndugu wakimpokea kwa mikono. Nikaendelea kuzunguka kanisa.

Nusu saa nzima. Matarumbeta wakafika. Mashangazi wakafika, wamelowa jasho. Padri akatoka mlangoni akatazama saa. Mimi napita. Nampungia mkono. Sesilia akanifanyia ishara ya kidole ambayo sijaiona tangu mwaka tuliooana. Napita. Brightson akaja mbio ubavuni mwa gari, suti yake nzuri imeloa, akaniambia binti amegoma kuingia. Mwenyekiti mwenyewe alitaka amshike mkono yeye ili misa ianze, Monica akakataa. Nikamjibu nakuja, nakuja, nikampita.

Mzunguko uliofuata Monica alikuwa amesimama katikati ya njia. Gauni jeupe, maua mkononi. Nikakanyaga breki. Akaja dirishani.

"Baba, mie sikuomba gari. Nataka unishike mkono tuingie. Zima hiyo gari."

Nikazima. Mvuke ukatoka kwenye bustani yangu yote. Waridi la plastiki likaanza kudondoka kama uji. Sikugeuka kulitazama. Nilimshika mwanangu mkono, nikalia kuanzia mlangoni hadi altareni. Brightson alinipa leso. Inanukia vizuri, nakiri.

Baada ya misa maharusi wameondoka kwa gari jeusi.

Jumapili, 10 Agosti

Gari bado liko mlangoni mwa kanisa. Haliwaki. Waumini wa misa ya kwanza walipita ubavu ubavu. Nurdin alikuja na bisibisi kubandua maua. Silinda hedi imepinda. Akauliza nani aliziba rejeta kwa plastiki. Nikasema kamati.

Sesilia hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Aliupapasa mlango wa nyuma wa gari. "Baba Monica, limefanya kazi yake," alisema. "Liache lipumzike."

Ni kweli. Naandika hapa nisisahau: mtoto wangu angeingia kanisani hata kwa bajaji, mradi mimi niwe karibu naye. Nusura nimkoseshe hilo kwa ajili ya feni. Nimeona aibu. Nimekwenda kwa Brightson kumwomba radhi, akanikaribisha chai. Si mtu mbaya.

Jumatatu, 18 Agosti

Wanunuzi wa vyuma chakavu wamekuja. Wamelivuta kwa kamba. Nilisimama getini mpaka likakata kona. Nililia kidogo. Sesilia alijifanya anafagia.

Tumekubaliana. Tukitafuta gari lingine, hakuna haraka. Tutakwenda watu wanne: mimi, yeye, Nurdin wa kukagua injini na Brightson wa kutoa ushauri. Nimeapa mbele ya Sesilia, kwa mkono wa kulia.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimenunua gari! Ilibidi niende peke yangu. Sesilia alikuwa kwenye sala za jumuiya, Nurdin hakupokea simu, na Brightson sikutaka kumsumbua, mtu ana shughuli zake. Muuzaji anaitwa Farhan, anakaa Boko, kijana mstaarabu, alinipa shikamoo mara mbili. Rangi ya fedha. Namba D! Mbele hapahitaji ua hata moja. Feni nimeisikia kwa masikio yangu. Nimesimama nalo dakika kumi kwenye foleni ya Tegeta, mshale umetulia tuli.

Lina dosari moja tu, na Farhan ameisema mwenyewe, jambo linaloonyesha ni mkweli. Rivasi haiingii. Nurdin, nilipompata baadaye, aliniuliza mara mbili kama nimeshalipa. Sesilia amezunguka gari mara mbili, akauliza nitatokaje uani. Nimemwambia nitaliegesha nje, uso ukitazama barabara. Ameingia ndani. Atazoea.

Brightson amechungulia getini, akalitazama gari, akarudi kwake.

Margareta yuko chuo mwaka wa pili, mchumba hana. Nimempigia simu kumwambia asiwe na wasiwasi, gari lake la harusi liko tayari. Rivasi haina, sawa. Nani anarudi nyuma siku ya harusi?