Hasi Nane Mlangoni

Jumatatu, 4 Machi
Niwie radhi, shajara, kwa kimya cha miezi mitano. Sikuwa na la kuandika. Sasa ninalo. Kituo cha elimu ya watu wazima kinatafuta mwalimu wa hisabati. Tumeomba wawili: mimi, mwalimu mstaafu wa lugha, na jirani yangu, Mpima Ardhi. Nikikosa, nitashinda nyumbani nikimfundisha mke wangu kupika. Mke wangu ameahidi kuniombea usiku na mchana.

Mada ya somo la majaribio: kutafuta kikoa, yaani namba zote ambazo fomula inazipokea bila kuharibika, pale kipeo, ile namba ndogo ya juu, kinapokuwa sehemu. Hila yangu: kanuni moja, fupi, ya chuma. Kanuni fupi haibishiwi.

Jumanne, 5 Machi
Imepatikana! Kipeo cha nusu ni kipeuo cha pili. Hakuna namba inayojizidisha yenyewe ikazaa hasi. Basi, kipeo kikiwa sehemu, hasi zote nje. Mkwe wangu, fundi wa lifti, akacheka: Baba, na theluthi je? Nikamwambia aende kazini.

Jumatano, 6 Machi
Mkwe kaacha karatasi chini ya kikombe changu. Hasi mbili mara hasi mbili mara hasi mbili. Nikazidisha. Hasi nane! Nikasimama, nikazidisha tena. Hasi nane! Nusu na robo zinaifungia mlango, theluthi inaikaribisha na kuirudishia hasi mbili yake. Kisa? Namba ya chini ya sehemu: shufwa, kama mbili na nne, hukataa; witiri, kama tatu, hupokea. Miaka sabini na mmoja nimelalia hazina hii nikilalamika godoro lina vijiwe! Chai ilipoa. Sikuinywa.

Alhamisi, 7 Machi
Nilitangaza darasani: chini pakiwa witiri, namba zote zinakaribishwa. Mshonaji wa kiti cha mbele akauliza kama kipeo cha hasi theluthi kinapokea hata sifuri. Nikajibu: hata sifuri, Mama, hatubagui. Akaomba nimwonyeshe. Kumbe kipeo hasi huishusha namba chini ya moja: moja kugawanywa kwa sifuri! Nikaandika, nikafuta, chaki ikaisha. Mpima Ardhi, aliyekaa nyuma akingoja zamu yake, akanong'ona hadi barabarani wakasikia: Mwalimu, shamba lako lina shimo.

Lina. Mstari wa namba usio na mwisho pande zote mbili, na katikati tundu dogo kuliko ncha ya sindano, lisilozibika kwa chochote. Nilisahau kuona haya.

Ijumaa, 8 Machi
Nimempelekea mkuu wa kituo barua. Kosa halikuwa langu. Kanuni ilikuwa ndefu mno. Nimeambatanisha iliyo fupi: kipeo kikiwa sehemu, sifuri nje, nyingine zote ndani. Mkwe kasoma nakala, akauliza nusu nimeipeleka wapi. Fundi wa lifti ana maswali! Mkuu akishaamua, nitakuandikia.