Ombi la Kibali cha Kumzika Mama Aliye Hai

Chekalini, Jumatano.

Kwako Chifu wetu mheshimiwa,

Pole na kazi ya mihuri. Mimi ni Jairus wa hapa Chekalini, mwana wa Nekoye, yule mama wa saratani ya titi. Kwa heshima naomba unipe kibali cha kumzika mama yangu. Bado yuko hai, lakini hilo lisikusumbue. Sababu zangu ni hizi:

1. Dawa yake ya maumivu, mofini, naipata mjini Kakamega tu, na tangu korona ifike mtu havuki kizuizi cha polisi bila kibali chako. Nilikuomba kibali cha kufuata dawa, ukaniambia ningoje siku tatu. Leo ni ya tatu, na chupa ilikauka juzi.

2. Jirani yangu Kiprono alipofiwa na mjomba, kibali cha mazishi ulikitia muhuri kabla chai yako haijapoa. Walivuka watu kumi na watano wakiimba, na askari akawapa pole. Mimi nilipofika kizuizini na karatasi ya daktari, askari huyo huyo aliniuliza kama mgonjwa bado anapumua. Nikakubali. Akasema basi si dharura, nirudi nyumbani. Kosa langu lilikuwa kusema ukweli.

3. Muuguzi aliyekuwa akija kumwona amehamishiwa wadi ya korona. Sina ugomvi na hilo. Nasikitika tu kwamba mama alichagua ugonjwa usio wa msimu.

4. Mama mwenyewe amekubali kuzikwa kwa karatasi. Alisema, "Mimi silalangi usiku. Nitashindwa aje kujilaza kidogo kama maiti?" Akacheka, kisha maumivu yakamkata kicheko, akauma shuka ili wajukuu wasisikie. Nina uchungu, Chifu, na sioni haya kukuambia.

Kwa hiyo tafadhali fanya haraka. Nikirudi na chupa nitakuletea kibali ukifute, nawe utakuwa chifu wa kwanza hapa Lugari kumfufua mtu.

Nisalimie wazee wa mtaa, karani wako, na huo muhuri.

Wako mtiifu,
Jairus

N.B. Barua imelala hapa kwa sababu ya kafyu. Mama amefariki alfajiri. Sasa ombi langu ni halali, na najua litapita kabla chai haijapoa. Nakuomba usiharakishe. Ningojeshe siku tatu, kama ulivyofanya kwa dawa. Sijawa tayari kumzika.