Ufunguzi wa Maktaba ya Majoka na Wateule, Chumbageni

(Ngoma inanyamazishwa. Mgeni rasmi anagonga kipaza sauti kwa kidole mara tatu, kisha anakipuliza.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa. Waheshimiwa mabalozi wa nyumba kumi. Masheikh na maimamu wetu. Wachungaji, mapadri na makatekista. Mwalimu mstaafu Praxeda, Mwenyekiti wa Kilabu cha Wasomaji cha hapa Chumbageni. Ndugu mwakilishi wa wauza machungwa wa Muheza, ambaye sikuarifiwa ujio wake lakini karibu sana. Wanahabari, nyote wawili. Kikundi cha ngoma. Mabibi na mabwana. Na watoto mliokaa juani: nikisema tu kwamba itifaki imezingatiwa nitakuwa nimewanyima watu haki yao ya kutajwa, kwa hiyo wote ambao sikuwataja wajihesabu wametajwa. Wazee wangu, shikamooni!

(Marahabaa.)

Hiyo haikushiba. Shikamooni!

(Marahabaa, kwa sauti zaidi.)

Kwa wachache wasionifahamu, mimi ni Fanueli Singano, Mratibu Mwandamizi wa Wakala wa Ustawi wa Usomaji Mwambao, na leo hii nimesimama mbele yenu, na mbele ya jengo hili mnaloliona nyuma yangu, na mwenye macho haambiwi tazama, nikiwa na furaha isiyo kifani kuwafungulia maktaba ya kwanza katika mwambao wote wa kaskazini iliyojikita, kimkakati, kimuundo na kimfumo, katika riwaya za fantasia na riwaya za vijana, yaani vile vitabu vinene vyenye joka kwenye jalada, msichana mwenye upanga, na ramani ya nchi ambayo hakuna basi linalofika.

(Makofi kutoka kwa wafanyakazi wa Wakala, waliokaa mstari wa mbele. Kicheko kidogo upande wa akina mama.)

Mtaniuliza, Mratibu, kwa nini majoka? Nawajibu kwa takwimu. Upembuzi yakinifu tulioufanya katika wokshopu ya siku nne, hotelini, ulibaini kwamba asilimia themanini na saba nukta tatu ya vijana wetu wako tayari kusoma kitu chochote kisicho na maswali ya mtihani mwishoni, na kwamba asilimia mia moja na nne watakisoma kwa moyo zaidi iwapo ndani yake kuna joka.

(Kicheko.)

Msicheke. Hizo nne ni ziada ya ufanisi.

Mimi mwenyewe ni msomaji. Nimesoma majalada ya vitabu vyote mia nne na kumi na viwili vilivyomo katika orodha ya maktaba hii, mbele na nyuma, na maoni yangu ya kitaalamu ni kwamba waandishi hawa wana vipaji vikubwa, ila utawala bora umewashinda. Chukueni huyu wanayemwita mteule. Kila kitabu kina mteule, ana miaka kumi na sita, hana cheti, hana uzoefu wa kazi, ameteuliwa na bibi mmoja wa pangoni kwa njia ya utabiri, nafasi haikutangazwa, usaili haukufanyika, na kesho yake anakabidhiwa upanga wa taifa bila kusaini popote! Kisha wanaondoka watu saba kwenda kuuangusha ufalme wa giza, wanatembea vitabu vitatu vizima, na hakuna hata mmoja anayeandika ripoti ya safari. Joka linaunguza kijiji, hamsikii kamati ya maafa. Mfalme amepotea miaka mia tatu, na wananchi wanamngoja tu, hawaulizi aliko wala alichofanya. Hilo la wananchi kungoja bila kuuliza, nakiri, nimelipenda sana, na ningependa vijana wetu waige.

(Makofi ya mstari wa mbele.)

Lakini maendeleo hayakosi wapinzani. Katika miaka yote ya utekelezaji tumepokea barua moja tu ya malalamiko, jambo ambalo ni ushahidi kwamba wananchi wameridhika kwa kiwango cha juu kabisa, na nimeamua kuisoma hadharani ili niijibu hoja kwa hoja. Imeandikwa na binti Tausi, fundi cherehani wa mtaa huu huu, mwenye kadi ya uanachama namba moja. Yupo? Simama binti, watu wakuone. Huyo, mwenye mtandio wa kijani. Kaa, ahsante. Anasema hivi:

"Kwa Mratibu, shikamoo. Baada ya salamu, mie ni msomaji wa hadithi za majoka tangu kidato cha pili, na nina maoni. Kwanza, nimechoshwa na yatima. Kila shujaa yatima. Mie nina mama, baba, na mashangazi wanne wanaotaka kujua nakwenda wapi na nitarudi lini, ndiyo sababu sijaokoa nchi yoyote."

(Kicheko kikubwa. Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Na bado tunauliza!")

Utulivu, shangazi. "Pili, wale vijana wawili wanaompenda msichana mmoja, mmoja mpole aliyekua naye, mwingine ana macho ya fedha na hasira za bure. Kila mara anachukuliwa mwenye hasira. Mwandishi huyo hajapata kuishi nyumba moja na mwanamume mwenye hasira."

(Vigelegele. Mzee mmoja anatazama viatu vyake.)

"Tatu, theluji. Ngome zote ziko kwenye theluji, na hakuna mtu anayetokwa jasho tangu mwanzo hadi mwisho. Mie nikisoma, ngome naiweka Tongoni, kwenye magofu, malkia anapepea shingo kwa upande wa kanga, mbu wanamla, na hadithi inanoga zaidi. Nne, kitabu cha pili siku zote ni kutembea tu." Hapa naomba nitoe ufafanuzi: Tongoni ni mambo ya kale, na raia haruhusiwi kuhamishia malkia pale bila kibali, hata kichwani.

(Kicheko.)

Anaendelea. "Pamoja na hayo yote navipenda, na nitasema kwa nini. Mwandishi wa hadithi hizi ni mkweli. Anakwambia tangu ukurasa wa kwanza kwamba nchi hii haipo, kisha anaijenga mbele ya macho yako, jiwe kwa jiwe, mpaka unasikia harufu ya mkate wao ukiokwa. Nyie mlianza kwa kutuambia ipo."

(Mtu anakohoa.)

Katika kifungu hiki haikueleweka anazungumzia nchi gani. Nilimpelekea Afisa Mipango, naye hakuelewa, akampelekea dereva, dereva akaelewa lakini akakataa kusema. Tuendelee.

"Nilinunua Ngome ya Chumvi, kitabu cha kwanza na cha pili, kwenye mafungu ya mitumba, vya Kiingereza, nikavisoma na kamusi mapajani, mara nne. Cha pili kinaishia Odrina, binti wa mchimba chumvi, kashika komeo la mlango wa saba. Nyuma ya mlango yuko kaka yake aliyepotea, na hajui kama ni kaka yule yule au kageuzwa adui. Hapo ndipo kilipokatika. Watu wenu wakaja dukani kwangu, wakasema anayetoa vitabu vyake ataazima vyote vya maktaba, na cha tatu cha Ngome ya Chumvi wanacho. Wakanionyesha kwenye orodha, namba mia nne na kumi na mbili. Nikatoa viwili vyangu. Sina vingine. Odrina kasimama mlangoni miezi ishirini na sita sasa. Mkono umemchoka, nami nimekasirika. Naomba cha tatu, au nirudishieni vyangu. Wenu, Tausi."

Ndugu zangu, niliposoma hayo niliumia. Niliumia kama mzazi na kama mratibu. Miezi ishirini na sita ni kitu gani, ndugu zangu, mbele ya mpango mkakati wa miaka kumi na mitano? Subira huvuta heri. Magwiji wenyewe wa fantasia hukaa miaka kumi na mmoja bila kutoa kitabu cha mwisho walichoahidi, wanaalikwa kwenye makongamano, wanapigwa picha, wanashangiliwa. Sisi tumekaa miwili na kidogo, tunaandikiwa barua!

(Makofi ya mstari wa mbele. Sauti: "Ahadi ni deni!")

Nimekusikia, na nakubaliana nawe, na ndiyo maana naahidi tena. Katika feizi ya pili tutafunga viyoyozi kumi na vinne, projekta katika kila chumba, mfumo wa kidijitali wa kuazima kwa alama ya kidole, kona ya vijana wenye macho ya fedha, na hapo mlangoni tutasimamisha joka la saruji lenye urefu wa mita sita, litakalotoa moshi siku za sikukuu na kutoa ajira kwa vijana wawili wa kulipulizia.

(Tausi anasimama: "Mheshimiwa, cha tatu ki wapi?")

Kipo, binti. Kipo katika mchakato.

("Mnacho au hamna?")

Kuwa nacho ni dhana pana. Wakala unacho kimaandishi. Kimesajiliwa, kina namba, kimeingia katika ripoti tatu za robo mwaka, na katika ripoti ya mwisho kimeazimwa na wasomaji mia sita.

(Mwalimu Praxeda anasimama naye, fimbo mkononi: "Mratibu, orodha ile niliiandika mimi kwa mkono wangu. Mliniuliza wasomaji wanataka vitabu gani, nikawaandikia vitabu tunavyovitaka. Hatukuwa nacho hata kimoja katika hivyo.")

(Kipaza sauti kinapiga mluzi.)

Namshukuru Mwalimu kwa mchango wake wa kihistoria. Ni kweli kwamba orodha ilianza kama ya vitabu vinavyotakiwa, na kwamba katika hatua ya kuichapa, kichwa chake cha habari kiliboreshwa. Lakini kitabu kinachotakiwa na kitabu kilichopo, kwa lugha ya mipango, vyote ni vitabu! Na kusudi binti yetu asiondoke mikono mitupu, kwa mamlaka niliyonayo nitamweleza mwisho wenyewe hapa hapa, bure. Odrina alifungua mlango. Akamkuta kaka yake mzima wa afya, ameketi mezani, ni mwenyekiti wa kamati. Akampa kiti, akampa maji ya kunywa, wakaunda kamati ndogo ya upatanishi, kikao kikaahirishwa mpaka mwezi uliofuata, na nchi yote ya chumvi ikaishi kwa amani na kumbukumbu za vikao zilizothibitishwa.

(Kicheko hadi kwa kikundi cha ngoma. Tausi hacheki. Anafuta macho kwa kiganja, anasema: "Hujakisoma.")

Nimesoma muhtasari.

("Hujakisoma, mzee wangu. Ungekisoma, mlango ungeuogopa.")

Haya, tusonge, muda si rafiki. Sasa nikisema "Maktaba", semeni "Imesimama". Maktaba!

("Imesimama," wanaitikia watu wa mstari wa mbele.)

Msomaji!

(Hawakuambiwa kiitikio cha hilo. Mmoja anasema: "Imesimama.")

Fantasia!

("Ipo!" anaitikia muuza machungwa wa Muheza, peke yake, kwa moyo wote.)

Mwisho kabisa, shukrani. Namshukuru Mwalimu Praxeda kwa kutuazima uwanja wake wa kuanikia nguo, ambao tumemwahidi kuuachia kabla ya adhuhuri kwa kuwa ana mashuka mabichi. Nawashukuru wenye viti, na nawaomba kila mmoja anaponyanyuka anyanyuke na chake akirudishe harusini tulikokiazima. Kwa namna ya pekee namshukuru fundi Sele, mchoraji, aliyefanya kazi siku nne kulichora jengo hili kwenye turubai, madirisha kumi na mawili, baraza na mlango, kwa ustadi hata Mwenyekiti wa Mtaa alipofika alitaka kuvua viatu aingie. Watoto nawasihi wasiegemee, rangi ya ngazi haijakauka. Na namshukuru tena Sele huyo huyo kwa ubunifu wake wa asubuhi, pale upepo wa baharini ulipoanza kulipeperusha jengo, na matofali hatuna, na kiwanja cha kujengea hatuna, na ramani ya mjenzi hatuna, lakini nyuma ya gari la Wakala kulikuwa na vitabu viwili vinene, ambavyo ndivyo mkusanyiko wote tuliofanikiwa kuupata kwa wananchi katika kipindi chote cha mradi. Akavikandamiza, kimoja juu ya kila mguu wa fremu, na tangu saa mbili vimeibeba maktaba nzima bila kutikisika!

(Tausi anatoka kwenye kiti chake. Anapita mbele ya meza kuu, anainamia mguu wa kwanza wa fremu.)

Binti, naomba utulivu. Binti. Hilo ni jengo la umma.

(Anachukua cha kwanza. Anazunguka nyuma ya mgeni rasmi, anachukua cha pili. Anavipangusa vumbi kwa ncha ya mtandio, anavikumbatia. Upepo unaingia. Maktaba inaanguka kifudifudi juu ya mgeni rasmi, meza kuu na nusu ya kikundi cha ngoma. Mashangazi wanne wanasimama kumpisha njia.)

(Sauti ya mgeni rasmi, kutoka chini ya turubai:)

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Natamka kwamba maktaba imefunguliwa rasmi. Na aliye karibu na geti amzuie yule binti, kwa sababu, kwa mujibu wa kanuni, vitabu haviruhusiwi kutoka nje ya maktaba.