Kilo Tisini na Nane za Njaa

Jumatatu, 8 Septemba

Mwaka mmoja na miezi miwili tangu nitoke Ujiji. Leo nimepanda mizani ya magunia hapa bandarini Bujumbura. Kilo tisini na nane! Nilikuja na sabini na tatu.

Kwa kuli mwingine si neno. Tatizo ni Asiya, mke wangu. Mwaka jana niliugua malaria, nikamwambia kwenye simu kwamba huku hakuna chakula, tunalala njaa. Akalia. Wiki iliyofuata Seifu, nahodha wa boti ya mizigo, akanishushia gunia la dagaa kutoka kwake. Watamu! Sikuona haja ya kusahihisha. Tangu hapo kila mwezi gunia, na kila mwezi nalalamika upya.

Sasa anataka nirudi na Seifu Jumapili, anihudumie kabla sijafa. Siku sita! Lazima nishuke nimekonda. Leo nimefunga sunna.

Jumanne, 9 Septemba

Kilo tisini na tisa.

Kufunga kumenigeuka. Hayat, jirani yetu hapa Buyenzi, alisikia nimefunga, akaniita nifuturu kwake, apate thawabu. Uji, sambusa, samaki wa mukeke wa kuchoma. Natoka tu, mzee Faruk wa mlango wa pili naye akadai thawabu yake. Nimnyime kwa nini? Si mimi ninayegawa pepo.

Mpango mpya. Makuli tunakula sinia moja saa sita. Anayechelewa hukuta sinia inang'aa. Kesho nitachelewa.

Jumatano, 10 Septemba

Nimechelewa nusu saa nzima. Mateso! Nakuta Moubarak, tunayelala naye chumba kimoja, amenitengea bugali na maharage, kilima kizima, amefunika vizuri. Huruma? Hata kidogo. Alitangaza mbele ya makuli wote kwamba Shakuru, yaani mimi, lazima akule, juu mutoto ya mu tumbo naye ana njaa. Akauliza mimba ni ya mwezi ngapi. Mtu mmoja alicheka hadi akaketi chini.

Nikala yote, kwa hasira. Mtu aliyetukanwa anahitaji nguvu. Moubarak akanipiga picha nikitafuna.

Ijumaa, 12 Septemba

Nyoka! Ile picha ameituma kwa Asiya. Namba anayo, niliwahi kupiga kwa simu yake. Anasema shemeji naye ana haki ya kuona jinsi tunavyokufa.

Asiya alipiga asubuhi. Nikaketi kwanza, nikaandaa uongo wa aina tatu. Haukutumika hata mmoja. Alikuwa analia. Baba Amira, uso umevimba hivyo! Alisema mtoto wa jirani alivimba vilevile, mashavu hayohayo, daktari akasema ni njaa. Nisithubutu kusafiri katika hali hii. Nile kwanza, uvimbe ushuke, ndipo nirudi.

Nilijibu kwa sauti dhaifu kwamba nitajitahidi.

Moubarak alikuwa anasikiliza mlangoni. Sijawahi kuona mtu amevunjika moyo vile.

Jumapili, 14 Septemba

Seifu ameondoka bila mimi. Jana alinishushia magunia mawili! Asiya ameuza kuku wake wote wanne. Binti yetu Amira na wadogo zake wanakula kisamvu kitupu, dagaa ni wa baba mpaka apone. Niliposikia hivyo nilitaka kurudisha gunia moja. Kisha nikafikiria: dagaa wakirudishwa watanuka njiani, na hapo nani atakuwa amefaidika?

Seifu alinitazama kuanzia kichwa mpaka tumbo, akarudia tumbo. Akasema Asiya amekonda sana siku hizi, gauni linamning'inia, ukimwona barabarani utampita.

Nikashtuka. Amekonda! Na hajawahi hata kupanda mizani! Nikamwambia Seifu amuulize anafanyaje, anitumie siri yake pamoja na gunia lijalo. Seifu akatema mate ziwani, akawasha injini.

Wivu tu.

Jioni nimekaanga dagaa, sufuria moja, kwa ajili ya uvimbe. Nitarudi Desemba, nikiwa mwembamba. Au Februari, ikiwa Asiya atachelewa kujibu.