Picha Elfu kwa Sekunde Sifuri

Jumatatu, 3 Machi
Leo ni leo! Bosi katangaza kwamba kamera za getini tunazouza zinaonyesha picha kwa kwikwi, na atakayezitia kasi ndiye kiongozi mpya wa timu. Mimi huyo! Ugonjwa nimeshauona: programu inanakili kila picha kwenye kumbukumbu kwa amri ile ya kale iliyokuja na kompaila, mtambo unaoigeuza misimbo yetu kuwa lugha ya mashine. Sijaifungua, ila nina hakika inabeba baiti moja moja. Kuhamisha gunia la mchele kwa kijiko! Yangu itabeba nane nane. Nimempigia mama, nimemwambia cheo kinakuja.

Jumanne, 4 Machi
Nimeiandika kwa lugha ya C, mistari mitamu kweli. Nikapima. Polepole kuliko ya kale! Haiwezekani. Miwani, jirani yangu wa meza ambaye naye anakitaka cheo, kaniuliza kwa nini nisiiache ile ya kale, maana watu wameinoa miaka na miaka. Wivu huo! Chanda chema huvikwa pete, na chanda ni mimi.

Jumatano, 5 Machi
Nimeipata! Nimeiamuru kompaila iufanye msimbo wangu uwe mwepesi kwa nguvu zake zote. Kunakili picha elfu: sekunde sifuri. Nikapima tena. Sifuri! Nimecheza katikati ya ofisi mpaka mhasibu akafunga mlango wake. Mama anasema mashangazi wote wana habari, na mmoja ameanza kuniita mkurugenzi.

Alhamisi, 6 Machi
Nina hasira! Mbele ya bosi: sifuri. Makofi! Ndipo Miwani akaomba aongeze mstari mmoja tu, wa kuisoma picha iliyonakiliwa. Muda ukapaa, ukaupita hata ule wa zamani. Bosi akauliza kulikoni. Miwani akaeleza kwa upole, mnafiki yule, kwamba kompaila iliona hakuna anayeitumia nakala, ikaifuta kazi nzima. Kumbe nilikuwa napima hewa! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ijumaa, 7 Machi
Miwani kawa kiongozi. Dawa yake? Hanakili kabisa! Anaielekeza skrini picha ilipo, ikaisome hukohuko. Uvivu mtupu, na watu wanampongeza! Simu ya mama imelia asubuhi nzima, sijathubutu kupokea.

Mchana nikang'amua. Programu yangu haina kosa hata chembe! Wenye kosa ni wanaoangalia picha. Wakiacha kuangalia, nani duniani atanifikia kwa kasi? Nimempigia mama, nimemwambia cheo kimechelewa tu njiani. Kisha nimempelekea bosi pendekezo: tuuze kamera zisizo na skrini.